Uliza Kwanza Umeanzia Wapi

Kaa hapa mwanangu, upande wa dirisha, upepo wa kusi ukupate. Chai ina iliki, inywe taratibu. Naiona simu mkononi mwako, na najua kuna wenzako wanakungoja pwani. Watangoja. Leo nina neno moja tu la kukupa, na mimi mwenyewe nimejifunza baada ya kuumiza watu. Nipe muda wako.

Neno lenyewe linahusu milima. Utashangaa, kwa sababu hapa Nungwi, Unguja, mlima hatunao. Tumekalia jiwe la matumbawe, tambarare, na mtoto wa hapa anaweza kuota ndevu hajapanda kilima cha kumtoa jasho. Lakini watu wa milimani tunaishi nao. Anayetandika vitanda hotelini katoka Mbulu. Anayelinda geti usiku katoka Arusha. Yule anayekukaangia chipsi katoka Mbeya. Mlima ukianguka kwao, kilio kinafika kwenye vichochoro vyetu.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 kilifika barazani kwangu. Vuli ile mvua ilikuwa haikatiki, unaikumbuka. Asubuhi tukasikia kwamba Mlima Hanang, kule Manyara, umeshuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Tope, magogo na mawe makubwa vilipita juu ya nyumba, na wengine walikuwa bado wamelala. Waliokufa walipindukia 80.

Kuna kijana wa Katesh anahudumia meza katika hoteli moja hapa. Alikuja mbio, shati la kazi limemganda mwilini. Aliniita kama wote wanavyoniita. "Mwalimu, mlima wetu umefanyaje?"

Mwanangu, nilijibu kabla sijaweka kikombe chini. Nimefundisha jiografia miaka mingi skuli, na mtu aliyezoea kuulizwa huona aibu kunyamaza. Nilijua Hanang ni volkano ya kale. Nilikumbuka Julai 2007, ardhi ya Gelai karibu na Ziwa Natron ilivyotikisika siku nyingi, mpaka Arusha na Nairobi watu wakatoka nje, na miezi michache baadaye Oldoinyo Lengai ikalipuka. Nikaviunga vipande hivyo viwili vitatu, nikapata jibu lililosimama vizuri. Nikamwambia, "Volkano imeamka. Au tetemeko limeutikisa mlima. Hapo si pa kukaa."

Akampigia mama yake papo hapo. Akamwambia mwalimu kasema mlima unalipuka, kimbieni. Yule mama alikuwa salama, upande ambao tope halikufika. Akachukua wajukuu wawili, akatoka na mvua ile, akadandia lori njia ya Singida. Simu ikaisha chaji. Siku mbili hakujulikana alipo, na siku hizo mbili mwanawe mwingine alikuwa akipita hospitali akifunuliwa nyuso za maiti, akimtafuta mama ambaye mimi ndiye niliyemfukuza kwake.

Wataalamu wa serikali walikwenda wakautazama mlima. Wakasema hakuna dalili ya volkano wala tetemeko. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilikunywa maji mpaka ikashindwa kujishika, ikamomonyoka, ikageuka mto wa tope. Ni mvua.

Yule mama alirudi salama, Alhamdulillahi. Kijana hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenilaumu.

Nilipolala usiku ule nikamkumbuka babu yako. Wewe hukumkuta. Alikuwa fundi wa majahazi pale pwani, tezo lake nimelitundika ukumbini, ulione ukitoka. Nilipokuwa na miaka 17 lilikuja dau linavuja. Yeye alikuwa amekwenda Mkokotoni kutafuta mbao. Mwenye dau alikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na hamu ya kuitwa fundi. Nikazunguka chombo, nikaona ubavuni mchubuko mrefu wa mwamba. Nikasema umegonga mwamba. Nikaziba ubao, nikatia kalafati, nikapaka mafuta ya sifa, nikapokea fedha.

Dau likarudi baada ya siku nne, mabaharia wamechoka kwa kufua maji. Babu yako alikuwa amesharejea. Hakunigombeza. Aliingia ngamani, akachukua msumari, akausukuma kwenye taruma, ule ubavu wa ndani wa chombo, kwa kidole gumba. Msumari ulizama kama kwenye mkate. Akaniita nije niguse. Mbao zilikuwa tepetepe, zinanuka uvundo. Mwenye dau alikuwa ameliacha wazi masika nzima, maji ya mvua yakatuama ndani. Maji ya chumvi huuhifadhi mti, mwanangu. Maji ya mvua huuozesha.

Babu yako akaniambia hivi: kovu la mwamba liko nje na lina ncha. Uozo wa mvua unaanzia ndani, pale maji yanapokaa. Siku nyingine usiniambie chombo kina nini mpaka uniambie kumeanzia wapi.

Niliyasahau maneno hayo kwa zaidi ya miaka 50. Hanang ndiyo iliyonirudishia. Na baada ya hapo nikaanza kusoma, polepole, kwa miwani hii, juu ya wale wanaosoma makovu ya milima.

Ukiutazama mteremko ulioporomoka, kovu la tetemeko na kovu la mvua yanaweza kufanana kama pacha. Udongo mwekundu umefunuka, miti imelala, nyumba hazipo. Lakini tetemeko hutikisa mlima kama wewe unavyotikisa mnazi. Shina halisogei sana. Makuti ya juu ndiyo yanayocheza. Mtikiso unapopanda mlimani huongezeka nguvu kwenye migongo na vilele, na huko ndiko ardhi inakoachia. Watafiti watatu, Meunier, Hovius na Haines, walilipima jambo hili mwaka 2008 katika sehemu tatu zilizo mbali mbali: California baada ya tetemeko la 1994, Taiwan baada ya lile la 1999, na milima ya Finisterre ya Papua New Guinea baada ya lile la 1993. Makovu mengi ya tetemeko yalielekea kujazana juu, karibu na migongo ya milima.

Mvua haifanyi hivyo. Mvua inaingia ardhini, inateremka, inakusanyika kwenye mabonde madogo na kandokando ya vijito, inalegeza udongo kutoka ndani. Makovu yake huelekea kuanzia pale maji yanapokutana, na mara nyingi ni membamba na marefu, yanafuata njia ya maji. Na ukiyatazama mengi kwa pamoja, ya tetemeko yamesongamana karibu na ule ufa ulioachia, kisha yanapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ya mvua yamelala pale wingu lilipomwaga. Kovu moja peke yake linaweza kukudanganya. Mia moja kwa pamoja huanza kusema kweli.

Mwaka 2021 watafiti walioko Marekani na Ujerumani walijaribu kuifundisha kompyuta itambue sababu kwa umbo la kovu tu: urefu, upana, mzingo. Walitumia orodha 6 za maporomoko ya Japani, nchi inayotikiswa na kunyeshewa kuliko nyingi. Mashine ilipatia kati ya 67 na 92 kwa mia, kutegemea majaribio. Nimeipenda kazi hiyo, na nimependa zaidi kwamba walizisema wazi hata zile 67. Mashine iliyoonyeshwa maelfu ya makovu bado inakosea. Mimi sikuwa nimeona hata moja, nikajibu kwa sauti ya mtu aliyetoka huko.

Usifikiri kazi hii ni ya wageni tu. Hapa hapa Tanzania, tarehe 23 Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, kwa muda usiofika saa 3. Milima ile ilichanika mahali zaidi ya 1,000. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kilikuwa na mradi wa pamoja na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, kuchunguza mmomonyoko wa udongo. Paul Temple na Anders Rapp walikwenda wakayahesabu makovu, kovu kwa kovu. Karibu yote yalikuwa mashambani na kwenye majani. Ndani ya msitu hayakufika hata 1 kwa mia. Fikiria mtu angesema upesi "ni tetemeko." Wakulima wangeomba dua wakaendelea kulima miteremko ile ile. Kwa kuwa watafiti walihesabu, walijua mizizi ya miti ilikuwa inashika nini.

Nenda Uganda, kwenye Rwenzori. Huko sababu zote mbili zipo kwenye mlima mmoja. Kumeporomoka kwa mvua mara nyingi, na kumeporomoka kwa matetemeko mawili, la tarehe 20 Machi 1966 na la tarehe 5 Februari 1994. Utayatenganishaje makovu yaliyoota majani miaka 20, miaka 50? Watafiti wa Ubelgiji walishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon kilichopo Fort Portal. Walipekua magazeti na nyaraka za zamani. Walipanda vijijini wakawauliza wazee: hili lilianguka lini? Baadaye wakafundisha watu wa vijiji vya huko kuandika kwa simu kila poromoko na kila furiko, mahali na tarehe, na picha. Simu kama hiyo yako, mwanangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mmoja, hata awe msomi vipi, hatoshi. Kujua poromoko limeanzia wapi, unahitaji jicho la juu, setilaiti za watu wenye uwezo wa kurusha setilaiti. Lakini setilaiti ya kupiga picha haioni kupitia mawingu, na siku ya maporomoko ya mvua ndiyo siku ya mawingu. Ile ya rada inaona, ila inahitaji fundi wa kuisoma. Na zote hupita kwa zamu. Zitakuambia wiki iliyopita mteremko ulikuwa mzima na wiki hii umechanika. Saa hazikuambii. Bila saa huwezi kuulinganisha na mvua wala na tetemeko. Saa anayo yule mama aliyeamshwa na mlio.

Na tetemeko nalo, kituo kimoja cha kupimia kinaweza kukuambia liko umbali gani. Hakiwezi kukuhakikishia ni upande gani. Vituo vikiwa vitatu, kila kimoja kinachora duara lake, na duara zinakutana mahali. Sasa katika nchi zetu, ukiweka vituo vitatu vilivyoachana vizuri, mara nyingi umeshavuka mpaka. Kule Kivu, mashariki ya Kongo, kituo cha uangalizi wa volkano cha Goma kimejenga mtandao wa vipima mtetemo kwa kushirikiana na taasisi za Ubelgiji na Luxembourg, na bonde lile lina Wakongo upande mmoja na Wanyarwanda upande wa pili. Ardhi ya Kalehe, kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.2 Oktoba 2002. Mei 2023 mvua ikashusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa zaidi ya watu 400. Kwa ajili ya wale waliozikwa pale, asiyejua kutenganisha asiharakishe kuandika.

Hata sisi tuliwahi kuonjeshwa. Tarehe 12 Agosti 2020, tumetoka kusali Isha, maji kwenye glasi yangu yakaanza kutetemeka. Mmoja barazani akasema ni lori. Mwingine akasema ni kizunguzungu chake. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa karibu 6, chini ya bahari, kusini mashariki ya Dar es Salaam. Sisi tulibishana mpaka saa 4. Vipimo vya nchi mbalimbali vilikuwa vimeshakubaliana: saa 2 na dakika 13 usiku.

Najua utaniuliza, baba, aliyekufa kafa, sababu ina faida gani? Niliuliza hivyo pia. Sikiliza. Ikiwa mteremko unaangushwa na mvua, kuna la kufanya kabla. Mvua inapimwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari. Mtu anaweza kutoka kwenye korongo usiku ule akalala kwa jamaa. Miti inaweza kupandwa na shamba la mteremko mkali likaachwa. Tetemeko halitoi tahadhari hivyo. Hapo dawa ni mahali unapojenga na namna unavyojenga, kama Bukoba walivyojifunza kwa uchungu kwenye tetemeko la Septemba 2016. Ukichanganya sababu hizi mbili kwenye ramani moja, unamhamisha mtu aliye salama na kumwacha aliye hatarini. Mimi nilifanya hivyo hasa, kwa mama mmoja, bila ramani.

Lipo gumu zaidi, na hili nakuomba ulishike. Wakati mwingine ni zote mbili. Tetemeko la Taiwan la 1999 lilitikisa milima ikaporomoka maelfu kwa maelfu, lakini mingine ilibaki imesimama, imepasuka ndani. Kimbunga Toraji kilipokuja mwaka 2001, mvua yake ikaangusha kile kilichokwisha kulegezwa. Haiti, Agosti 2021, tetemeko lilipiga tarehe 14, na ndani ya siku tatu dhoruba Grace ikamwaga mvua juu ya milima ile ile. Hapo utasema nani kaua? Ndiyo maana mlima uliotikiswa hauachwi kuangaliwa vumbi likishatulia. Masika mbili tatu zinazofuata ni za kuogopwa.

Babu yako alilijua hili kwa njia yake. Nilipomuuliza kama basi ule mwamba haukuwa na kosa lolote, alifikiri kidogo, huku mkono wake bado uko kwenye taruma. Akasema mwamba uligonga kweli, lakini uligonga chombo kilichokwisha kuoza, na chombo kizima kingevumilia. Kisha akanipa tezo, tukatoa mataruma sita. Ilituchukua mwezi. Fedha nilizopokea zilirudishwa zote, mbele yangu, na akanitaka niziweke mimi mwenyewe mkononi mwa mwenye dau.

Yule kijana wa Katesh alikwenda kwao likizo. Aliporudi alikuja moja kwa moja barazani, amebeba maharage aliyopewa na mama yake aniletee. Mimi, aniletee mimi. Nilishindwa kusema. Akakaa hapo ulipokaa wewe, akatoa simu, akanionyesha picha ya mlima. Nikamwambia, panua. Akapanua kwa vidole viwili. Tukalifuata lile tope kutoka mjini, tukapanda nalo korongo kwa korongo, kidole chake na changu, mpaka picha ikawa madoa tupu, na bado tulikuwa hatujafika linapoanzia. Nikamwambia basi, hapa tumefika mwisho wa tunachokiona. Picha nyingine utaipiga ukienda tena, kukiwa hakuna mawingu.

Tulikuwa bado tumeinamia simu mama yake alipopiga. Alikuwa anasalimia tu. Alisema huko kwao kunanyesha. Kijana akanitazama, kisha akauliza, "Mama, imeanza saa ngapi?"

Nikavuta daftari.